Nilivyomsimamisha Papa Anselme

Esther alinipigia simu nikiwa nawazungusha wageni wa serikali katika maabara yangu ya kupima maji hapa Mwanza. Simu ya kutoka Ubelgiji huwa naipokea hata nikiwa na mgeni wa cheo gani, kwa sababu, niseme ukweli, sioni ubaya wageni wakijua kwamba nina watu kule. Nikaiweka sikioni, nikaitikia kwa Kifaransa, kwa sauti ya kusikika. Upande wa pili msichana alikuwa analia. Namwita msichana, lakini sasa ni muuguzi na ana mtoto wake. Mimi nilimwacha akiwa hana meno ya mbele. "Tonton Tanzanie," alisema, maana ndivyo walivyoniita kule, mjomba kwa jina la nchi yangu, "Papa Anselme amekufa. Jana asubui. Alikuwa analala tu." Niliwapa wageni mgongo nikatazama dirishani. "Tutamuzika samedi," akaendelea. "Bantu ba comité banataka kuwe mot de circonstance juu ya maisha yake yote, hata ile ya mu jeshi. Hakuna mwenye anaijua muzuri. Weye njo alikuelezaka." Nikaelewa wanataka hotuba ya maziko, Jumamosi. Nilimuuliza swali moja tu: mama yake, Maman Vumilia, anasemaje? "Maman hasemi kitu. Amekaa ku jiko. Tukitaja ile mambo ya mot, anafunga mudomo." Mgeni mmoja alikuwa ameshaanza kutazama saa. Nikasema nitaandika, nikakata. Kisha niliendelea kueleza mashine zangu, moja baada ya nyingine, na hadi leo sikumbuki nilisema nini.

Habari za kwetu na za utoto wangu sitazigusa hapa. Mwaka ninaotaka kuusimulia ni mwaka wa mwisho wa masomo yangu Brussels, nilipopata shahada ya uzamili ambayo cheti chake kimetundikwa nyuma ya kiti changu ofisini. Nilikipata kwa jasho langu. Sikuwa na mjomba wizarani wala baba mbunge. Nilisoma mchana, jioni nikaosha masufuria ya hoteli, na nikamaliza nikiwa miongoni mwa wa juu darasani, nikiwaacha nyuma Wabelgiji wenyewe katika lugha yao wenyewe. Habari hii nimeisimulia kwenye mahafali ya shule, kwenye semina za vijana, hata redioni, na kila mara watu hupiga makofi. Lakini kila mara ninapoisimulia kuna mtu ninayemruka. Nasema "nikapata chumba kwa mzee mmoja Mkongo," halafu naendelea na mambo ya maktaba na theluji. Mzee huyo alikuwa Papa Anselme. Nilimruka si kwa sababu nilimsahau.

Nilikutana naye katika saluni moja ya kinyozi ya Galerie d'Ixelles, kule Matonge, mtaa wa Waafrika wa Brussels, ambako mtu aliyetoka Afrika huenda hata kama hana nywele za kukata, kwa ajili ya kusikia watu wakibishana. Kinyozi alikuwa anaongea Kiswahili chao cha Kikongo, nami, kwa tabia yangu, nikaanza kumsahihisha: si "muntu", ni "mtu"; si "mutoto", ni "mtoto". Kinyozi akasimamisha mashine. Mzee aliyekuwa anasubiri zamu, na watoto watatu wamejibana naye kwenye benchi moja, akacheka mpaka akajifuta macho. "Muache," akamwambia kinyozi. "Huyu ni radio. Radio haina mikono, haiwezi kukupiga." Kisha akalitazama koti langu, lililokuwa la kwetu, jepesi kama pazia. "Alors, radio. Uko nasikia baridi?" Nikasema sisikii. "Iko nasema uongo pia, hii radio," akawaambia watoto. Siku hiyo hiyo nilikula kwake, na mwezi haukwisha nilikuwa nimehamia kwake na masanduku yangu.

Aliishi Jette, chini kabisa katika jengo la matofali mekundu, karibu na hospitali kubwa ambako alifanya kazi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa kutoka wodi moja hadi nyingine. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na jiko. Ilinuka sombe, ile tunayoiita kisamvu, na harufu ya nguo iliyotoka kwenye pasi. Mlangoni viatu vilipangwa kwa ukubwa, pua zote zikitazama upande mmoja. Yeye mwenyewe ndani alivaa raba za kitambaa zenye soli laini, hata wakati wa barafu, na hata alipotoka kwenda dukani alikanyaga kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Nilidhani ana maradhi ya miguu. Nilimshauri mara kadhaa aende kwa daktari, kwa kuwa anafanya kazi hospitalini na dawa haziko mbali. Akanishukuru kila mara.

Jumamosi nyumba ile haikuwa yetu. Kina mama wa Kivu waliotunza wazee katika nyumba za wazee, au waliosafisha wodi, walifanya kazi mwisho wa juma, na hawakuwa na pa kuwaacha watoto. Papa Anselme alikuwa ameomba ratiba ya siku za kawaida ili Jumamosi awe huru. Asubuhi alichukua bisibisi, akaung'oa mlango wa jiko kwenye bawaba zake, akaulaza juu ya viti viwili vya chuma na kuutandika kitambaa cha plastiki chenye picha za matunda. Hiyo ndiyo ilikuwa meza. Jioni aliurudisha mlango mahali pake. Nilimuuliza kwa nini asinunue meza. Akasema meza itakaa hapo juma zima bila watoto, na yeye hataki kuitazama. Watoto walipanga mstari, akasema "Mikono!", wakanyoosha viganja, akavikagua kwa uzito mkubwa, akamrudisha bombani mmoja hata kama wote walikuwa safi, kwa sababu walipenda arudishwe mmoja. Walikula wali na sombe na makayabo, yule samaki wa chumvi, na aliyemaliza alipewa andazi la moto. Nami nilikuwa chumba cha pili na tasnifu yangu, nimejaza pamba masikioni. Siku moja nilitoka nikasema kwa ukali kwamba hapa kuna mtu anayeandika kitabu. Watoto wakanyamaza. Papa Anselme akawaambia, "Mumesikia? Tonton iko naandika buku. Siku moja mutaisoma. Sasa mule polepole, musivunje maneno yake." Nikarudi chumbani nikijiona mtu mkubwa.

Esther ndiye alikuwa wa mwisho kuondoka kila Jumamosi, kwa kuwa mama yake alikuwa na zamu ndefu. Alimzoea mzee hata alikaa juu ya magoti yake na kumsomea vibao vya tramu kutoka dirishani. Mama yake, Maman Vumilia, alikuwa mfupi, mwenye kilemba kilichofungwa kwa nguvu, na katika nyumba ile hakuwahi kuketi. Alisimama mlangoni, mgongo ukutani, macho kwenye ngazi. Mtu akishuka ngazi kwa kishindo, alinyamaza mpaka apite. "Banakusumbua, Papa?" aliuliza kila mara. "Banisumbue," alijibu. "Mimi nilisumbuliwaka na bakubwa. Hawa ni badogo, banasumbua kidogo." Siku moja nilimsikia Maman Vumilia akimwambia mzee jambo kwa sauti ya chini, nami nikiwa nimeacha mlango wazi kwa makusudi. "Mutoto wangu sijamuachaka kwa mwanaume," alisema. "Hata kwa kaka yangu. Unajua?" "Ninajua," akasema Papa Anselme. "Juu ya ile, mulango ya inje ninaiachaka wazi siku nzima. Ukitaka kukuya ku saa yoyote, unaingia." Ni kweli, Jumamosi mlango wa nje haukufungwa, hata wakati wa baridi, na mimi nilikuwa nalalamika kwamba joto la nyumba linatoka nje. Kumbe nyumba ile yote ilikuwa imepangwa kwa ajili ya woga wa mwanamke mmoja: raba, mlango, sauti. Mimi mwenye shahada nililala humo miezi na sikuona.

Nilichoona mimi ni pasi. Ilikuwa Jumapili mchana, baada ya chakula, Papa Anselme akinyoosha sare yake ya hospitali, ile ya rangi ya maji. Alikunja mkono wa shati mara moja, akabonyeza, mstari ukatoka kama umechorwa kwa rula. Nami nilikuwa nimepita jeshini baada ya shule, kama vijana wengi wa rika langu, na ule mstari niliujua. Niliinuka, nikagonganisha visigino na kupiga saluti. "Afande! Wewe umepita jeshini!" Alibaki na pasi hewani. Kisha akaenda dirishani, akavuta pazia, ingawa nje hakukuwa na mtu. Nilimbana kwa furaha. Kwetu mwanajeshi mstaafu ni mtu wa kukaa mbele. Akipita mtaani tunamwita afande hata akiwa anauza mkaa. Msibani anapewa kiti, harusini anatajwa kwa cheo. Nilijiona nimegundua dhahabu chini ya kitanda changu. Aliketi, na pasi ikaendelea kupoa pembeni yake, akanieleza.

Alikuwa adjudant, cheo kinachokaribia cha sajini meja kwetu, na kazi yake ilikuwa udereva wa malori. Kambi yake ilikuwa Lwibanda, mlimani, juu ya mji mdogo. Alinieleza asubuhi moja walipoamriwa kushuka mjini, na walichokifanya askari wenzake humo. Alinieleza kwamba alibaki kwenye usukani, injini ikinguruma, kwa sababu aliambiwa asizime. Alinieleza kwamba jioni yake, wenzake wakiwa wamelewa, aliliendesha lori lile lile taratibu bila taa, akasimama nyuma ya shule, akawapakia wanawake na watoto waliokuwa wamejificha humo, akawapeleka mpaka mpakani, akaacha ufunguo kwenye kiti na hakurudi tena jeshini. "Lakini Papa, wewe ni shujaa!" nilisema. Akatikisa kichwa. "Asubui nani alibaleta balé askari? Camion haikujiendeshaka." Nikamwambia amri ni amri. "Njo ile tulikuwa tunasema sisi wote," akasema. Kisha akaongeza, akiishika tena pasi iliyopoa: "Hapa hakuna muntu anajua hii." Nilisikia yote mawili, ya asubuhi na ya jioni, masikio yangu hayakuwa na kasoro. Lakini nilichukua la jioni, la asubuhi nikaliacha pale pale na zile nguo. Na maneno yake ya mwisho niliyaelewa kwa namna ya kwetu. Niliona ni unyenyekevu. Nikajisemea, huyu mzee hajitangazi; basi atatangazwa na mtu anayejua kutangaza.

Nilifaulu mwezi wa sita. Papa Anselme ndiye aliyefanya karamu. Aliomba ukumbi wa parokia moja huko Molenbeek, karibu na mfereji, akabeba viti yeye mwenyewe, akapika siku mbili. Walikuja Wakongo wa Kivu karibu wote niliowajua, na wachache wa Katanga, na profesa wangu mmoja Mbelgiji na mkewe, na kina mama wote wa Jumamosi na watoto wao wamevalishwa kama wa komunyo ya kwanza. Nilivaa suti ya kijivu. Bado ninayo. Mambo yalikwenda vizuri, kwa utaratibu wao, yaani bila utaratibu, kila mtu akila na kucheka kwa wakati wake, na hilo likanikera. Kwetu shughuli bila utambulisho si shughuli. Ni lazima mshehereshaji ataje wageni mmoja mmoja, jina, cheo na mahali atokako, nao wasimame, wapunge mkono, wapigiwe makofi. Niliona huu ndio wasaa wa kuwaonyesha ndugu zangu hawa namna sherehe inavyoendeshwa. Nikachukua kipaza sauti. "Mabibi na mabwana," nikasema, "kwa mila yetu sisi Watanzania, tunaanza na utambulisho!" Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Radio imewashwa!" na ukumbi ukacheka, hata mimi nikacheka.

Nilimsimamisha profesa, akapunga. Nikawasimamisha viongozi wa kwaya. Nikawasimamisha kina mama, nikiwataja na miji yao, na kila mmoja alifurahi kusikia mji wake ukitajwa katika kipaza sauti pale Ulaya. Maman Vumilia hakuwepo ukumbini kwa dakika ile, alikuwa jikoni akipakua. Kisha nikashusha sauti, kama ninavyojua kufanya, nikasema mwisho nimemweka mtu ambaye bila yeye nisingesimama hapa. Papa Anselme alikuwa ameketi karibu na mlango wa jiko, Esther juu ya magoti yake. Aliponiona namtazama, alianza kutikisa kichwa, polepole, na mkono wake mmoja akiufanya kama anayezuia gari. Nikaona ni unyenyekevu ule ule. "Ninyi mnamjua kama Papa Anselme anayelea watoto," nilisema. "Hamjui mnaye nani! Huyu ni afande. Ni adjudant mstaafu wa jeshi la Kongo, wa kambi ya Lwibanda! Afande Anselme, simama upunge mkono! Makofi ya kilo, tafadhali!"

Profesa na mkewe walipiga makofi, kwa kuwa hawakuelewa neno. Hakuna mwingine aliyepiga. Papa Anselme alimshusha Esther chini, akasimama. Nadhani ni mazoea: mtu aliyefundishwa kusimama akiitwa kwa cheo chake, mwili humsimamisha. Alisimama wima, mikono imenyooka ubavuni, na hapo kila mtu katika ule ukumbi akamwona askari. Mlango wa jiko ulikuwa umefunguka. Maman Vumilia alikuwa ameshika sinia la ndizi za kukaanga. Hakupiga kelele, hakuangusha sinia. Alilitua kwenye meza ya karibu kwa uangalifu, akamshika Esther mkono. "Lwibanda?" alimuuliza mzee, si mimi. "Njo Lwibanda," alijibu. "Weye?" "Mimi, Maman." Alimtazama kwa muda kama anayetafuta sura nyingine ndani ya ile sura. Kisha akatoka, akimburuta mtoto aliyekuwa analia kwa sababu hakuelewa kwa nini karamu imekwisha. Kina mama wengine wakaanza kuwatafutia watoto wao makoti, ingawa ilikuwa mwezi wa sita na makoti hayakuwepo. Nilikuwa bado nimeshika kipaza sauti. Nikasema, "Muziki, tafadhali."

Jumamosi iliyofuata aling'oa mlango wa jiko kama kawaida, akautandika kitambaa chenye matunda, akapika sombe, akaufungua mlango wa nje. Tulikaa. Upepo uliingia, ukatoka. Kulikuwa na sauti ya tramu na ya njiwa. Hakuna aliyekuja. Mchana nilishindwa kuvumilia, nikamwambia nakwenda kwa Maman Vumilia sasa hivi kumweleza habari ya lori la jioni, ya wanawake na watoto, ya mpakani. Alinishika mkono, na ndiyo mara ya pekee aliwahi kunishika kwa nguvu. "Hapana. Ukimueleza ile, utamulazimisha anihurumie. Yeye hana deni yangu." Nikasema lakini wewe ni mtu mwema, Papa. "Kila askari mu dunia ana hadisi ya siku moja alikuwa muzuri," akasema. "Yeye alikuwa mu ule mji, iko na siku yake. Ile siku yake ni ya asubui. Muache nayo." Akapakua sahani mbili, yangu na yake, tukala kwenye ule mlango mpana, tukiwa wawili upande mmoja. Sombe iliyobaki alinipa nimpelekee jirani Mbelgiji, ambaye alishukuru sana na sidhani kama aliila.

Niliondoka baada ya majuma machache. Wanaonisikiliza redioni wanapenda sana sehemu ile ya kurudi, ninaposema kwamba wenzangu walibaki Ulaya kuosha vyombo na mimi nikachagua kuja kujenga nchi. Ni kweli nilichagua. Lakini ni kweli pia kwamba nilifurahi kuiacha nyumba ile, kwa sababu Jumamosi zilikuwa hazivumiliki. Alinisindikiza uwanja wa ndege, akabeba sanduku zito yeye, nami nikabeba cheti mkononi ili kisikunjike. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Aliniambia tu nikifika nile vizuri, nimekonda kwa kusoma. Miaka iliyofuata nilimpigia simu kila mwaka mpya, akasema "Niko bien," nikasema Mungu mkubwa, nikamhesabia mafanikio yangu: gari, kiwanja, maabara. Akafurahia kila kimoja kwa dhati. Sikuwahi kumuuliza kama watoto walirudi. Miaka michache iliyopita nilialikwa Brussels kwenye mkutano wa maji, nikalala hoteli nzuri siku nne. Nilipanda tramu ya Jette, nikashuka vituo viwili kabla, nikavuka barabara na kupanda ya kurudi. Jioni nilimtumia ujumbe kwamba ratiba ilinibana. Akajibu kwamba anaelewa, watu wakubwa wana kazi nyingi.

Baada ya simu ya Esther nilikaa siku mbili nikiandika. Mimi naandika vizuri. Hilo hata wasionipenda hawalikatai. Niliandika juu ya mstari wa pasi, juu ya mlango uliokuwa meza, na nikaliweka lile lori la jioni katikati, linakwenda bila taa kuelekea mpakani. Niliona hatimaye nimepata nafasi ya kulipa. La asubuhi sikuliandika. Nilijiambia marehemu hasemwi vibaya. Siku moja kabla ya maziko simu ikalia, na haikuwa Esther. "Tanzanie," sauti ilisema. Ilikuwa imezeeka, lakini niliijua. Nikasimama, nikiwa peke yangu ofisini.

"Maman Vumilia, shikamoo. Poleni sana."

"Merci. Esther ananiambia mot yako itasomwa samedi. Umeandika nini? Nisomee."

Nikamsomea. Nilianza na sauti yangu ya mikutano, nikaishusha njiani. Nilipofika mwisho akangoja, kama anayedhani kuna ukurasa mwingine.

"Njo ile tu?"

"Ni hiyo, Maman."

"Bon. Ile camion, asubui, ilileta nini?"

Nilitazama dirishani. Kijana wangu mmoja alikuwa anaosha gari la kampuni uani, anaimba. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema simu inakatika.

"Ilileta askari," nikasema.

"Na nani alikuwa anaendesha?"

"Yeye, Maman. Aliniambia mwenyewe. Nilijua tangu mwanzo."

"Hata mimi aliniambiaka," alisema. "Weye ulikuwa umerudia kwenu. Alikuya kwangu, akasimama inje, hakuomba kuingia. Akaniambia ya asubui. Nilikuwa nangoja alete na maneno ya kujiosha. Hakuleta. Nikafunga mulango. Ile ya magharibi, ya balé bantu ya mpakani, nimeisikia leo, ku mudomo yako."

Nikakaa. Nilikuwa nimefanya tena. Nilikuwa nimefanya lile lile, kwa kipaza sauti kidogo zaidi.

"Maman, nisamehe. Alinikataza nisikuambie."

"Ninaona vile amekukataza."

"Watoto walirudi kwake?" Niliuliza, baada ya miaka yote ile.

"Hapana. Ile sikuwezaka. Esther alirudi mwenyewe, akiwa mukubwa, na miguu yake. Lakini mimi nilirudi. Baridi ilipita, na ingine ikapita. Samedi moja nilitoka ku kazi, nikapita pale. Mulango ya inje ilikuwa wazi. Alikuwa ameweka meza, na hakuna muntu. Nikaketi. Nikakula. Tangu ile siku nilikuwa naenda."

"Mlikuwa mnazungumza nini?"

"Chumvi. Mvua. Muguu yake yenye ilikuwa inamuuma. Bantu banazungumuzaka nini kama banakula?"

"Basi ulimsamehe," nikasema, na nilisikia jinsi nilivyotaka aseme ndiyo, na nilijua sikutaka kwa ajili ya mzee.

"Ile ni swali ya bantu ya diplôme," alisema Maman Vumilia, bila ukali. "Mimi nilikuwa naenda kukula. Sikiliza. Kesho niko napika mimi. Comité inataka mot. Nimebaambia hapana, hakutakuwa mot. Weye ulishasema, Tanzanie. Sasa tutakula tu."

Nikasema nimeelewa. Karatasi zilikuwa bado mkononi mwangu. Nikamwomba jambo moja: kesho, wakiwa mezani, Esther aache simu wazi mahali fulani, hata kwenye dirisha, nami nitanyamaza, nitasikiliza.

"Kusikiliza nini?" aliuliza. "Masahani?"

Nikasema ndiyo, Maman. Masahani.